Somo kwa Wazee: Simu ya Mkononi na Hila za Walaghai

Somo la mwezi huu ni kwa ajili ya wazee wetu. Walimu wa mitaa twawaomba walisome kwanza peke yao, kisha walisome pamoja na wazee, sehemu kwa sehemu, pasipo haraka. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee katika nchi yetu ni mtu aliyetimiza miaka 60. Lakini aliye kijana naye asome, maana baba yake na mama yake wamo katika somo hili.

1. Mfuko usioshikika

Watu wa pwani hii si wageni wa fedha. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba zamani sana, kabla meli za Wareno hazijaonekana baharini, na majina yao yaliandikwa juu yake kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikaja rupia, kisha shilingi. Fedha hizo zote zilikuwa na tabia moja, nayo ni kwamba zashikika. Mzee aliweza kuipima sarafu kwa vidole, kuigonga juu ya jiwe aisikie mlio wake, na kuifunga katika pindo la kanga. Hata asiyejua kusoma aliweza kuilinda mali yake, maana mkono wake ulimfundisha.

Mwaka 2008 kampuni ya Vodacom ilileta M-Pesa katika Tanzania, mwaka mmoja baada ya huduma ya jina hilo kuanza Kenya. Kampuni nyingine zikafuata, na leo twazo Airtel Money, HaloPesa, na Mixx by Yas ambayo zamani iliitwa Tigo Pesa. Kwa huduma hizi mama aliye Kilwa Kivinje hupokea fedha za mwanawe aliye Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Hilo ni jambo jema, wala hatuandiki somo hili ili mtu aitupe simu yake.

Walakini fedha ya simu haishikiki. Haina mlio wala uzito. Yote ni maandiko na tarakimu, na asiyeyasoma maandiko hayo kwa jicho lake mwenyewe hana namna ya kuijua fedha yake, ila kwa kuambiwa na mtu mwingine. Hapo ndipo mlaghai aingiapo, maana kazi yake ni kuwa huyo mtu mwingine.

Tena fikirini jinsi fedha zifikavyo kwa wazee wetu. Mkulima wa korosho au ufuta, tangu Somanga hata Mtama, hauzi leo akalipwa leo. Hupeleka mazao yake katika chama chake cha msingi, nayo hulazwa ghalani kwa stakabadhi, kisha huuzwa mnadani. Na tangu msimu wa 2024 minada hiyo huendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania. Malipo huja baada ya siku kadhaa, kwa njia ya benki. Siku hizo za kungoja kila mtu azijua, maana bei za mnada hutangazwa redioni; basi na mlaghai azijua pia. Mstaafu naye hungoja pensheni yake, na kaya maskini hungojea malipo ya TASAF. Mtu anayengojea ujumbe huwa mwepesi kuupokea ujumbe. Akiibiwa fedha za korosho, hakupoteza za siku moja, bali amepoteza za mwaka mzima: karo ya mjukuu, bati la paa, dawa ya shinikizo la damu.

2. Hila tano zinazoonekana sana

Hila ya kwanza ni ujumbe usemao kwamba ile fedha itumwe katika namba hii, wala si ile ya kwanza, na kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Anayeutuma hamjui anayeupokea. Huutuma kwa watu wengi mno, kama mvuvi atupaye wavu asiyejua ni samaki yupi aliye chini. Katika wengi hao hukosekani mtu ambaye siku hiyo hiyo alikuwa tayari kutuma kodi ya nyumba au fedha ya saruji. Huyo husema moyoni, “Ndiyo hiyo,” akatuma.

Hila ya pili ni fedha iliyokosewa. Ujumbe unakuja kuonyesha kwamba umepokea kiasi fulani. Mara simu inalia, na mtu analalamika kwa sauti ya huzuni kwamba amekosea namba, naye ni fedha ya mgonjwa, umrudishie. Mzee mwenye huruma hurudisha. Kumbe hakuna kilichoingia. Ujumbe ule uliandikwa na mlaghai mwenyewe, na fedha iliyorudishwa ni ya mzee.

Hila ya tatu ni afisa wa uongo. Husema kwamba yeye ni wa kampuni ya simu, na laini yako itafungwa jioni. Au ni wa benki, na malipo yako ya korosho yamekwama. Au ni wa mfuko wa pensheni, na jina lako halionekani katika uhakiki. Kisha hukuomba namba ya siri, au tarakimu zilizofika sasa hivi katika simu yako, au ada ndogo ya kufungua jalada. Kwa wenye WhatsApp, tarakimu hizo sita zikitajwa, mlaghai huichukua WhatsApp yako, akaanza kuwaomba fedha jamaa zako kwa jina lako.

Hila ya nne ni habari ya msiba au maradhi. “Mwanao ameanguka shuleni, yupo hospitali, daktari hataki kumshika pasipo fedha.” Siku hizi hatari imezidi, kwa kuwa zipo mashine ziwezazo kuiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kidogo tu. Basi hata sauti uijuayo, ikija kwa namba usiyoijua na kuomba fedha upesi, si ushuhuda wa kutosha.

Hila ya tano ni faida ya ajabu na mkopo wa haraka. Wengi wenu mwaikumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu, yaani watoe fedha wapate kuvuna nyingi zaidi. Viongozi wake walikuwa watu wa makanisa, na mambo yakasemwa kwa lugha ya kanisa. Mwaka 2009 ikavunjika, wakashtakiwa mahakamani, na wengi waliopanda hawakuvuna. Mashamba ya namna ile sasa yamehamia katika simu. Kadhalika mikopo: mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi pasipo leseni. Programu za namna hii huomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyo katika simu yako. Ukichelewa kulipa, hao wote huandikiwa habari za deni lako, hata mkwe wako na mchungaji wako.

3. Kwa nini hata mwenye akili hudanganyika

Vijana wengine hucheka, wakasema kwamba aibiwaye kwa simu ni mjinga, au ana tamaa. Hili si kweli, na lafaa kukanushwa na mwalimu mbele ya darasa. Zitazameni zile hila tano. Ni ya tano tu inayovuta kwa tamaa. Ya kwanza humshika mtu mwaminifu anayetaka kulipa deni lake. Ya pili humshika mwenye huruma. Ya tatu humshika mtii wa serikali. Ya nne humshika mzazi. Mlaghai hutafuta mahali ulipo mwema, akaingilia hapo.

Tena hutumia adabu zetu. Huanza kwa “Shikamoo, mzee wangu,” nawe huna budi kusema “Marahaba.” Kwa desturi yetu mtu aliyekuamkia vema hakatwi maneno. Mlaghai alijua hilo kabla hajapiga. Kisha huongeza haraka, asikupe nafasi ya kuvuta pumzi, maana ajua kwamba ukimwita jirani mambo yake yamekwisha.

Katika Maandiko mna habari moja ya mzee aliyedanganyika, nayo ni ya Isaka katika Mwanzo sura ya 27. Hatusemi hapa juu ya baraka yenyewe, ambayo ina somo lake. Twatazama tu jinsi mzee yule alivyofanyiwa. Macho yake yalikuwa yameingia giza. Alipoletewa chakula alishuku tangu mwanzo: akauliza mbona windo limepatikana upesi, akaona kwamba sauti si ile, akamwita kijana karibu akampapasa, akamwuliza tena kama yeye ndiye, mwisho akanusa mavazi yake. Basi mtu asiseme kwamba Isaka hakuchunguza. Alichunguza kuliko wengi wetu.

Alipungukiwa na jambo moja tu. Kila alichokichunguza kililetwa na yule yule aliyeshukiwa. Ngozi za mbuzi alizozipapasa zilivishwa ili zipapaswe. Mavazi aliyoyanusa yalivaliwa ili yanuswe. Majibu aliyoyasikia yalitoka katika kinywa kile kile. Hakumwita mtumishi akamwambia, “Toka nje, katazame nyikani kama Esau amerudi.” Neno moja kwa mtu mwingine, kwa njia nyingine, lingaliifunua hila yote.

Sasa rudini katika ujumbe wa kwanza, ule usemao kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Mtu huandika namba, na kabla hajatia namba ya siri, simu yamwonyesha jina la mwenye laini. Aona ni lile lile aliloambiwa, moyo wake watulia. Lakini ni nani aliyemwambia jina hilo? Ni mlaghai. Jina lile laonyesha tu laini imesajiliwa kwa nani. Halionyeshi kwamba mwenye laini ndiye unayemdai au kumlipa. Ni ngozi ya mbuzi ile ile.

4. Kanuni ya kushika

Kwa hiyo kanuni ya somo hili ni moja, na mwalimu ahakikishe kwamba kila mzee aweza kuisema kwa maneno yake mwenyewe: usimpime mjumbe kwa ushuhuda aliouleta yeye, mpime kwa njia uliyoichagua wewe. Tuitie katika kila hila.

Ukiambiwa utume fedha katika namba nyingine, usiijibu namba ile. Mpigie unayemdai au kumlipa kwa namba yake uliyokuwa nayo tangu zamani.

Ukiambiwa kwamba fedha imeingia kwa makosa, usiusadiki ujumbe; tazama salio lako mwenyewe. Wa M-Pesa aingie kwa *150*00#, wa Airtel Money kwa *150*60#, wa Mixx by Yas kwa *150*01#, wa HaloPesa kwa *150*88#. Ikiwa salio halikuongezeka, hakuna cha kurudisha. Na ikiwa limeongezeka kweli, wewe usirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea aipigie kampuni yake, nayo ina utaratibu wa kurudisha. Mwambie hivyo kwa upole, ukate simu.

Ukipigiwa na afisa, kumbuka kwamba kampuni za simu humpigia mteja kwa namba 100 tu, wala hazimpigii kwa namba ya mtu binafsi. Hata hivyo, wewe kata, kisha piga 100 mwenyewe, uulize. Neno la benki kaulize benki. Neno la korosho kaulize katika chama chako. Neno la pensheni kaulize katika ofisi ya mfuko. Hakuna afisa wa kweli anayehitaji namba yako ya siri. Hiyo ni kama ufunguo wa sanduku: fundi aweza kulitengeneza sanduku, lakini halali na ufunguo wako.

Ukiambiwa habari za mwanao, mpigie mwanao. Asipopatikana, mpigie mwalimu wake, au jirani yake, au ndugu akaaye naye. Wengine wamekubaliana na watoto wao neno moja la siri la nyumbani, ambalo mwenye kuomba fedha kwa shida hana budi kulitaja. Shauri hilo ni jema, nalo halihitaji elimu yoyote.

Lakini iko siku ambayo njia zote zimefungwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika katika pwani ya kusini, mafuriko yaliikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam huko Somanga. Na siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ikaifanya intaneti kuwa dhaifu nchini. Siku kama hizo mzazi hana habari za mwanawe, na mwombaji wa mchango wa maafa huaminiwa upesi. Basi kanuni ni ile ile: ikiwa njia yako imefungwa, ngoja ifunguliwe. Na mchango wa kanisa upelekwe kwa mhasibu wa usharika upewe stakabadhi, wala usipelekwe katika namba iliyokuja kwa ujumbe, hata ikiwa jina la askofu limeandikwa juu yake.

Tena wazee wajue kwamba kukata simu ya mlaghai si utovu wa adabu. Mtu akija mlangoni usiku, ukamwambia angoje mpaka umwite jirani, akiwa mwema atangoja. Akikasirika, amejitaja mwenyewe.

5. Mambo ya nyumbani

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hatupendi kulisema hili, lakini walimu walijua: si kila fedha ipoteayo huchukuliwa na mtu wa mbali. Bibi asiyeona vema humpa mjukuu simu na namba ya siri, kwa upendo, na mara nyingi mjukuu ni mwaminifu. Lakini akikosa uaminifu siku moja, bibi hana njia ya kujua, maana hata ujumbe wa kutoa fedha husomwa na mjukuu yule yule. Naye Isaka hakuwa na mtu wa pili wa kumwuliza.

Shauri letu si kumnyima kijana kazi ya kusaidia. Shauri letu ni kwamba mzee ajifunze mambo mawili kwa jicho lake: kuitia namba yake ya siri mwenyewe, na kulisoma salio lake. Maandiko ya simu yaweza kukuzwa. Kijana na amsaidie kuyakuza, hilo ndilo tendo la heshima. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa. Isiandikwe nyuma ya simu. Kwa wakala, mzee aitie mwenyewe katika simu yake, wakala haihitaji. Ikiwa macho yamekufa kabisa, basi wasaidizi wawe wawili, wasiokaa chumba kimoja, mmoja afanye na mwingine asome. Na fedha nyingi zikae benki, katika simu zibaki za matumizi tu.

Jambo jingine ni kidole. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa Kitambulisho cha Taifa na alama za vidole, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Nia ilikuwa njema, walaghai wasijifiche. Lakini wako wasajili wasio waaminifu ambao humwambia mzee aweke kidole tena, na tena, ati mashine haikusoma. Kumbe kila mara wanasajili laini nyingine kwa jina lake, ambayo huuzwa kwa walaghai. Ndipo mzee asiye na hatia hupata kuulizwa na polisi. Kwa hiyo ukiambiwa uweke kidole mara ya pili, uliza sababu; na baadaye piga *106#, uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoijua, nenda katika ofisi ya kampuni ile ukaikane.

Na ikiwa simu yako imenyamaza ghafula, haina mtandao siku nzima, hali jirani wenye kampuni ile ile wanazungumza, usingoje kesho. Yawezekana mtu ameirudishia laini yako katika kadi nyingine. Azima simu ya jirani, piga 100.

6. Aliyekwisha kuibiwa

Mtu akiibiwa, dakika za kwanza ndizo zenye thamani, maana mlaghai hukimbilia kwa wakala kuzitoa fedha. Apige 100 mara moja, aombe fedha zizuiwe. Asiufute ujumbe, maana ndio ushuhuda wake. Ujumbe wa mlaghai autume katika namba 15040, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeiweka kwa kazi hiyo. Ataulizwa namba ya mlaghai, aiandike. Kisha aende polisi, kwa kuwa ulaghai wa namna hii ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwisho, ajihadhari na mlaghai wa pili, yule ajaye baadaye akisema kwamba aweza kumrudishia fedha zake kwa malipo kidogo.

Lakini wengi hawafanyi lolote katika haya, kwa sababu ya aibu. Mzee aliyeheshimiwa maisha yake yote, aliyeamua mashauri ya wengine, huona ni afadhali kupoteza fedha kuliko kuchekwa na wanawe. Hunyamaza. Na akinyamaza, jirani yake hudanganywa kwa maneno yale yale wiki ifuatayo. Wengine wakisha kujua, humnyang'anya simu kama mtoto aliyevunja kikombe. Hapo mzee amepotewa mara mbili: amepoteza fedha, tena amepoteza uhuru wa mambo yake.

Enyi wana na wajukuu, mama yenu akiwaambia kwamba ametapeliwa, neno lenu la kwanza lisiwe, “Kwa nini hukuuliza?” Liwe, “Shikamoo, mama, asante kwa kuniambia, tupige 100.” Mkimcheka mara hii, mara ijayo hatawaambia, na mlaghai atakuwa ndiye pekee azungumzaye naye juu ya fedha zake.

7. Kazi ya walimu

Wako wasemao kwamba mzee hafundishiki. Wazee wenyewe ni ushuhuda kinyume cha neno hili. Mwaka 1967 katika kila watu wazima watatu wa Tanzania, kama wawili hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miti na katika maghala, na walimu walikuwa majirani. Miaka kumi baada ya 1967 wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hata kama robo ya watu. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi vidogo kusikiliza redio, kisha wakashauriana na kwenda kuchimba vyoo. Wazee wetu wa leo ndio vijana wa siku zile. Wengine walikaa katika madarasa hayo, wengine walifundisha.

Basi kila mtaa waweza kufanya darasa kama lile, kwa mikutano minne baada ya ibada. Mkutano wa kwanza: kila mzee aandikiwe katika karatasi, kwa wino na herufi kubwa, namba 100, na 15040, na namba za watu watatu awaaminio, karatasi hiyo ikae ukutani, si ndani ya simu, maana simu yaweza kupotea. Mkutano wa pili: kila mmoja atazame salio lake mwenyewe, hata ikichukua saa nzima, namba ya siri asiitaje kwa mtu. Mkutano wa tatu: mwalimu awe mlaghai, mzee awe mwenye simu, kwa mfano hivi:

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Nani mwenzangu?”

“Ni afisa wa benki, babu. Malipo ya korosho yamekwama. Nitajie namba ya siri upesi, kabla hatujafunga.”

“Haya, mwanangu. Nitakuja benki kesho asubuhi.”

“Kesho utakuwa umechelewa, babu!”

“Basi nitachelewa.” Naye akate.

Mzee aliyelitamka jibu hili kwa kinywa chake mbele ya wenzake, hata kama walicheka, atalikumbuka siku ya hatari. Mkutano wa nne: kila mmoja apige *106#, atazame laini zilizo kwa jina lake.

Na darasa lisiwe la Walutheri peke yao. Katika Kilwa na Lindi jirani zetu walio wengi ni Waislamu, na mlaghai haulizi mtu asali wapi. Waalikwe, na siku nyingine darasa likae barazani kwao.

Maswali ya kujifunzia

1. Fedha ya simu yatofautianaje na sarafu katika kujilinda na wizi?

2. Mlaghai hutumia wema gani wa mtu katika kila moja ya hila tano?

3. Isaka alichunguza mambo gani, naye aliacha kufanya nini?

4. Jina litokealo katika simu unapotuma fedha laonyesha nini, na halionyeshi nini?

5. Umepata ujumbe kwamba shilingi 50,000 zimeingia kwako kwa makosa. Eleza hatua zako moja moja.

6. Katika nyumba yako ni nani ajuaye namba ya siri ya mzee? Je, yuko mtu wa pili anayelisoma salio?

7. Katika mtaa wenu yuko mzee aliyeibiwa akanyamaza? Pasipo kumtaja, shaurianeni jinsi atakavyoweza kusema asione aibu.